Leseni ya Halmashauri kwa Mwenye Nyumba wa Kupangisha Uingereza: Mwongozo Kamili

Nchini Uingereza, kuwa na hati ya nyumba na mkataba uliotiwa saini na mpangaji hakutoshi kukupa haki ya kupangisha. Katika maeneo mengi halmashauri inadai pia leseni, na mipaka ya maeneo hayo haifuati mipaka ya miji. Mtaa mmoja unaweza kuwa ndani ya mpango wa leseni huku mtaa wa pili yake ukiwa nje, na nyumba ambayo mwaka jana haikuhitaji chochote inaweza kuhitaji leseni mwaka huu. Halmashauri hutangaza mpango mpya kwenye tovuti yake, katika magazeti ya eneo na kwenye mbao za matangazo, lakini hailazimiki kumwandikia kila mwenye nyumba barua. Wajibu wa kujua ni wako, na kutojua peke yake kwa kawaida hakupokelewi kama udhuru.

Yaliyomo humu yanahusu Uingereza yenyewe, kwa maana ya England. Huko Wales, chini ya Sheria ya Nyumba ya Wales ya mwaka 2014, kila mwenye nyumba wa kupangisha hujisajili kwa Rent Smart Wales, na anayesimamia nyumba yake mwenyewe huhitaji leseni juu ya usajili. Uskoti nako mwenye nyumba husajiliwa na halmashauri na kuhuisha usajili kila baada ya miaka 3, na Ireland Kaskazini ina rejista yake tangu 2014. Ushauri uliopewa na jamaa aliyeko Cardiff au Glasgow, hata ukiwa sahihi kabisa kwake, usiutumie kwa nyumba iliyoko Birmingham.

Aina tatu za leseni

Msingi wa yote ni Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004, ambayo sehemu zake za leseni zilianza kutumika Aprili 2006. Sheria hiyo imeweka aina tatu, na kosa kubwa la wenye nyumba ni kujua moja tu na kudhani kwamba isipowahusu hiyo basi wamesalimika.

Ya kwanza ni leseni ya lazima, inayotumika nchi nzima bila halmashauri kuamua lolote. Inahusu nyumba ya kaya nyingi, ile ambayo fomu za halmashauri huiita HMO, ikiwa wakazi wake ni 5 au zaidi, wanaunda kaya 2 au zaidi, na wanachangia jiko, bafu au choo. Zamani kulikuwa pia na sharti kwamba nyumba iwe na ghorofa 3 au zaidi; sharti hilo liliondolewa tarehe 1 Oktoba 2018, na nyumba nyingi za kawaida za ghorofa 2 ziliingia kwenye leseni siku hiyo. Wapo wenye nyumba ambao hadi leo wanatumia kanuni ya zamani kwa sababu ndiyo waliyofundishwa walipoanza.

Ya pili ni leseni ya nyongeza. Hii halmashauri huianzisha yenyewe ili kuzifikia nyumba za kaya nyingi zilizo ndogo, kwa kawaida zenye wakazi 3 au 4. Ya tatu ni leseni ya eneo teule, na ndiyo inayowashtua wengi, kwa kuwa haijali idadi ya wakazi wala kaya. Nyumba ya baba, mama na watoto wawili, ikiwa imepangishwa na mtu binafsi ndani ya eneo lililotangazwa, inahitaji leseni.

Ili kutangaza eneo teule, halmashauri inapaswa kuonyesha sababu zinazotambuliwa kisheria, kama vile nyumba kukosa wapangaji na thamani kushuka, kero sugu za mienendo mibaya mitaani, hali duni ya nyumba, umaskini uliokithiri, uhalifu mkubwa au wimbi la wahamiaji wapya. Inapaswa kusikiliza maoni ya wananchi kwa wiki 10 au zaidi, na mpango hauwezi kuzidi miaka 5. Tangu 2015 mipango iliyozidi asilimia 20 ya eneo la halmashauri, au asilimia 20 ya nyumba zake za kupangisha, ilihitaji kibali cha waziri. Tangu Desemba 2024 halmashauri zimepewa idhini ya jumla na hazihitaji tena kwenda kwa waziri. Maana yake kwako ni kwamba mipango mipana sasa inaweza kuanzishwa kwa wepesi zaidi kuliko zamani. Newham, mashariki mwa London, ilianza mpango wa karibu eneo lake lote Januari 2013. Liverpool ilifuata kwa jiji zima mwaka 2015, Nottingham ikaja 2018, na Birmingham ikaanza Juni 2023 kwa kata 25.

Kaya ni nani na nani

Kabla hujaangalia ramani yoyote, hesabu watu na kaya. Kaya moja kwa mujibu wa sheria ni watu wa familia moja: mume na mke au wapenzi wanaoishi pamoja, wazazi, watoto, babu na bibi, wajukuu, kaka na dada, wajomba, shangazi, wapwa na mabinamu. Orodha ya jamaa inaishia hapo. Rafiki wa utotoni, mtu wa kijiji kimoja, au ndugu wa ukoo ambaye uhusiano wake hauwezi kuelezwa kwa mojawapo ya maneno hayo ni kaya nyingine, hata kama nyumbani wanakula sahani moja. Kwa hiyo binamu watatu ni kaya moja, lakini marafiki watatu ni kaya tatu, na hao marafiki tayari wamekufanyia nyumba yako kuwa ya kaya nyingi, ingawa mkataba wao ni mmoja.

Hesabu pia watu wanaoishi humo kwa kweli, maana halmashauri haitahesabu majina yaliyo kwenye mkataba. Ukipangisha kwa watu 4 na mmoja akamleta mwenzake wa kudumu, wakazi wamekuwa 5, na wajibu wa leseni ya lazima unaweza kuanza siku hiyo. Weka katika mkataba kifungu kinachokataza mgeni wa kudumu bila idhini yako ya maandishi, kisha utembelee nyumba kwa taarifa mara kwa mara, kwa sababu kifungu kisichofuatiliwa hakitakusaidia sana mbele ya ofisa.

Kukagua anwani

Sasa nenda kwenye tovuti ya halmashauri husika. Kama hujui nyumba iko chini ya halmashauri ipi, tovuti ya serikali kuu hukuonyesha ukiandika msimbo wa posta. London peke yake ina halmashauri 33 ukijumlisha Jiji la London, na barabara moja inaweza kugawanywa na mbili kati yake.

Halmashauri nyingi zina kisanduku cha kuandika msimbo wa posta kinachojibu kama leseni inahitajika. Kitumie, lakini usikiamini peke yake. Msimbo mmoja hujumuisha nyumba kadhaa na mpaka wa eneo teule unaweza kuukata katikati, kwa hiyo fungua pia tangazo rasmi la mpango lenye ramani na orodha ya mitaa au kata, ukaitafute nyumba yako kwa namba. Andika tarehe ambayo mpango ulianza na tarehe utakaoisha. Ikiwa jibu ni kwamba leseni haihitajiki, hifadhi picha ya ukurasa huo yenye tarehe, na bora zaidi uiandikie idara ya nyumba za kupangisha barua pepe fupi inayotaja anwani kamili, idadi ya wakazi na idadi ya kaya, ukaomba jibu la maandishi. Jibu hilo ni kinga ambayo haikugharimu chochote.

Kila halmashauri pia inalazimika kutunza rejista ya wazi ya leseni zilizotolewa. Ukinunua nyumba yenye wapangaji tayari, angalia kama ya muuzaji imo humo, ila usidhani utairithi: leseni haihamishiki kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Ukishakuwa mwenye nyumba unaomba yako.

Rudia ukaguzi huu kila miezi 3, na kila unapobadilisha mpangaji. Kwa kuwa mpango mpya hauwezi kuanza kabla ya miezi 3 kupita tangu kutangazwa, anayekagua kwa utaratibu huo kwa kawaida hupata habari mapema.

Nyumba zisizohitaji leseni ya eneo teule

Zipo zinazosamehewa: nyumba za halmashauri yenyewe na za vyama vya nyumba vilivyosajiliwa, nyumba za likizo, zile ambazo mpangaji ni mtu wa familia ya mwenye nyumba kwa masharti yaliyowekwa, na ile ambayo mwenye nyumba anaishi humo na kuchangia vyumba na mpangaji wake. Soma maneno ya msamaha neno kwa neno kabla ya kujihesabu humo, hasa huo wa familia, ambao hauwi msamaha kwa sababu tu mnaitana ndugu.

Kuna pia notisi ya msamaha wa muda. Ukitaka kuiondoa nyumba kwenye hali inayohitaji leseni, kwa mfano unaiuza au unahamia mwenyewe, unaijulisha halmashauri hatua unazochukua, nayo inaweza kukupa miezi 3, na katika hali za kipekee miezi 3 mingine. Notisi hii huombwa. Haijitoi yenyewe kwa sababu umeweka bango la kuuza.

Nani aombe

Mwenye leseni anapaswa kuwa mtu anayefaa zaidi kuishika, na mara nyingi huyo ni anayepokea pango na mwenye uwezo wa kuamua na kulipia matengenezo. Wakala anaweza kuishika kwa niaba yako akikubali, lakini wengi hukataa, na wana sababu, kwa kuwa masharti yote yanamwangukia mwenye jina kwenye leseni. Ukiishi nje ya Ufalme wa Muungano, tarajia kwamba halmashauri itataka awepo msimamizi aliye nchini anayeweza kufika kwenye nyumba haraka. Msimamizi wa namna hiyo awe na mamlaka ya kweli ya kutumia fedha. Ndugu mwenye funguo tu, anayelazimika kukupigia simu kabla ya kumwita fundi bomba, hatatosheleza ofisa makini. Mwenye nyumba wa nje akumbuke pia kwamba kodi ya mapato ina utaratibu wake wa pekee kwa wasio wakazi, ambapo wakala au mpangaji anaweza kulazimika kukata kodi kabla ya kukutumia pango mpaka upate idhini ya HMRC, mamlaka ya kodi ya huko, ya kupokea bila kukatwa.

Halmashauri itapima kama mwombaji na msimamizi ni watu wanaofaa na waadilifu. Inaangalia hatia za udanganyifu, ukosefu wa uaminifu, ukatili, dawa za kulevya na makosa fulani ya kingono, ubaguzi uliothibitishwa, na uvunjaji wa sheria za nyumba na upangaji. Inaweza pia kuangalia watu walio karibu nawe kibiashara. Kuwa na kosa la zamani hakukufungii mlango moja kwa moja, ila kulificha ni kosa jingine lenye adhabu yake, kwa hiyo litaje na ueleze.

Kuandaa nyumba na nyaraka

Hapa ndipo penye kazi, na ningemshauri mtu yeyote atumie muda wake mwingi hapa kuliko kwenye fomu. Kama nyumba ina gesi, pata cheti cha usalama wa gesi kila mwaka kutoka kwa fundi aliyeandikishwa kwenye Gas Safe Register. Muombe kitambulisho chake na usome nyuma ya kadi, kwa sababu hapo ndipo pameandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Umeme unakaguliwa na mtu mwenye sifa angalau kila miaka 5, na nakala ya ripoti hupewa mpangaji mpya kabla hajaingia, na mpangaji aliyemo ndani ya siku 28 tangu ukaguzi. Ripoti ikisema kuna kasoro ya hatari, tengeneza kwanza na upate uthibitisho wa maandishi ndipo uiambatishe. Cheti cha matumizi ya nishati kiwe daraja E au juu yake, isipokuwa nyumba iwe na msamaha uliosajiliwa.

King'ora cha moshi kiwepo kwenye kila ghorofa inayotumika kuishi. Kile cha kaboni monoksaidi kiwepo kwenye kila chumba cha kuishi chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma mafuta, kuni, makaa au gesi, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Sharti la gesi, ikiwemo boila, liliingia Oktoba 2022. Vyote vijaribiwe siku ya kwanza ya upangaji, mpangaji akiwepo, kisha mtie saini nyote kwamba vimelia.

Kwa nyumba za kaya nyingi zenye leseni, chukua futi kamba. Chumba cha kulala mtu mmoja mwenye zaidi ya miaka 10 kiwe si chini ya meta za mraba 6.51, cha watu wawili wa umri huo, 10.22, cha mtoto asiyefika miaka 10, 4.64. Chini ya 4.64 hakilaliwi na yeyote. Pima ukutani hadi ukutani, na usihesabu sehemu ambayo dari lake halifiki urefu wa meta 1.5. Chukua chumba kile kidogo cha mbele ghorofani, chenye meta 2.1 kwa 3.0. Kwa macho kinatosha kitanda, kabati na meza, lakini hesabu yake ni meta za mraba 6.30, pungufu kwa 0.21 tu: ungehitaji ukuta mrefu uwe wa meta 3.10 badala ya 3.0 ili kufika. Hakiruhusiwi kuwa chumba cha kulala cha mtu mzima, na nyumba uliyoipigia hesabu ya wapangaji 5 imekuwa ya 4. Jambo hili ulijue kabla ya kuinunua. Halmashauri inaweza kuweka vipimo vikubwa zaidi ya hivi, na nyingi zimeweka, kwa hiyo tafuta pia kitabu chake cha viwango vya majiko, mabafu na kinga ya moto.

Andaa vilevile mchoro wa sakafu wenye vipimo, mkataba, uthibitisho kwamba amana imewekwa kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30, na kumbukumbu za kukagua haki ya mpangaji ya kukodi nchini.

Mambo mawili nje ya leseni hukwamisha watu hapa. Fomu itakutaka uwajulishe wote wenye maslahi kwenye nyumba, wakiwemo mwenza katika umiliki, mmiliki wa ardhi na benki iliyokukopesha. Kama mkopo wako ni wa nyumba ya kuishi mwenyewe na hujawahi kuomba ruhusa ya kupangisha, iombe kwanza. Pili, leseni si kibali cha mipango miji. Katika maeneo ambako halmashauri imeondoa ruhusa ya jumla, kugeuza nyumba ya familia kuwa ya watu 3 hadi 6 wasio kaya moja kunahitaji kibali hicho cha mipango miji, na idara ya leseni na ile ya mipango miji haziongei kwa niaba yako.

Fomu, ada na tarehe

Maombi mengi hufanywa mtandaoni. Ada hulipwa kwa awamu mbili: ya kwanza ya kushughulikia ombi, ya pili ombi likikubaliwa, kwa ajili ya kusimamia na kutekeleza mpango. Mgawanyo huu ulitokana na hukumu za mahakama, ikiwemo ile ya Gaskin dhidi ya halmashauri ya Richmond upon Thames ya mwaka 2018. Kiasi hutofautiana sana. Kwa nyumba za kaya nyingi mara nyingi huvuka £1,000. Zipo punguzo kwa walioidhinishwa na mipango ya mafunzo au wanaowahi, kwa hiyo soma jedwali zima la ada. Huwezi kumtoza mpangaji ada hii kama malipo ya pekee, kwa kuwa Sheria ya Ada za Wapangaji ya mwaka 2019 inakataza.

Kitu cha thamani kuliko vyote katika hatua hii ni tarehe. Kosa la kupangisha bila leseni hukoma siku ombi linapowasilishwa ipasavyo, hata kama halmashauri itachukua miezi kulijibu. Ipasavyo maana yake fomu imekamilika, viambatisho vinavyotakiwa vimo na awamu ya kwanza imelipwa. Ombi lililoanzishwa na kuachwa njiani kwenye tovuti halihesabiki. Hifadhi stakabadhi, namba ya ombi na barua pepe ya kupokelewa. Ukija kuulizwa miaka miwili baadaye, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Rasimu ya leseni

Halmashauri ikitaka kukupa leseni hukutumia kwanza rasimu pamoja na notisi, na unapewa siku zisizopungua 14 kutoa maoni. Wengi huiweka kando kwa furaha ya kukubaliwa. Isome yote. Masharti yaliyomo ndiyo utakayohukumiwa nayo kwa muda unaoweza kufika miaka 5, na kuvunja sharti moja ni kosa hata kama leseni unayo.

Yapo masharti ya lazima yanayotoka kwenye sheria, kama cheti cha gesi, ving'ora, usalama wa fanicha na vifaa vya umeme, mkataba wa maandishi, na kwa leseni ya eneo teule kumtaka kila mwombaji wa nyumba alete marejeo. Juu ya hayo halmashauri huongeza yake kuhusu uchafu, kelele, ukaguzi na idadi ya wakazi. Hata hivyo uwezo wake una mipaka. Katika kesi ya Brown dhidi ya Hyndburn ya mwaka 2018, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba leseni ya eneo teule ni ya kusimamia matumizi na uendeshaji wa nyumba, na halmashauri haikuweza kuitumia kulazimisha ving'ora vya kaboni monoksaidi na vyeti vya umeme kwa uamuzi wake yenyewe. Vitu hivyo baadaye viliwekwa na sheria nyingine na sasa vinakubana, lakini kanuni iliyotolewa inabaki na manufaa kwa mwenye nyumba anayekuta sharti la kubadilisha jiko zima.

Ukiona sharti lisilotekelezeka, andika ndani ya siku hizo 14, ukitaja namba ya sharti, sababu, na maneno mbadala unayopendekeza. Ukishindwa, una siku 28 tangu uamuzi kukata rufaa First-tier Tribunal, baraza la mashauri linalosikiliza migogoro ya nyumba. Ukinyimwa leseni kabisa, rufaa ni huko huko, na usikawie: nyumba isiyoweza kupata leseni inaweza kuwekwa chini ya usimamizi wa halmashauri yenyewe.

Baada ya kuipata

Fungua jalada moja kwa kila nyumba na uingize kwenye kalenda tarehe za gesi, umeme, ving'ora na mwisho wa leseni, kila moja ikiwa na kumbusho la miezi 2 kabla. Kila unapotembelea nyumba, andika tarehe, ulichokiona na ulichofanya. Mpangaji akilalamikiwa kwa kelele au takataka, hutakiwi kuwa polisi, ila utatakiwa kuonyesha kwamba ulimwandikia na kufuatilia.

Ofisa wa halmashauri kwa kawaida hutoa taarifa ya saa 24 kabla ya kukagua, lakini anapochunguza kama nyumba haina leseni au sharti limevunjwa anaweza kuja bila taarifa. Mpokee kwa heshima, mpe nakala za vyeti, na uombe matokeo kwa maandishi.

Anayekutwa bila leseni

Mahakamani, faini haina kikomo. Badala ya mashtaka halmashauri inaweza kutoza adhabu ya kiraia, ambayo tangu 2017 ilikuwa na kikomo cha £30,000 kwa kosa. Sheria ya Haki za Wapangaji, iliyoidhinishwa tarehe 27 Oktoba 2025, inakipandisha hadi £40,000. Makosa makubwa yanaweza kuleta amri ya kukuzuia kupangisha kabisa.

Linalowauma wengi zaidi ni amri ya kurudisha pango. Chukua nyumba ya £1,200 kwa mwezi ambayo mpangaji aliingia tarehe 1 Machi, na ombi kamili likawasilishwa tarehe 1 Septemba. Miezi ile 6 ni miezi ya kosa na pango lake ni £7,200, ambalo mpangaji anaweza kulidai barazani hata kama nyumba ilikuwa nzuri na hakuwahi kulalamika. Hali ya nyumba na mwenendo wa pande zote hupunguza au kuongeza kiasi, ila havifuti kosa. Kikomo kimekuwa pango la miezi 12, na sheria hiyo ya 2025 inakifanya miezi 24.

Aliyekabidhi nyumba yake kwa kampuni inayomhakikishia pango la kila mwezi, kisha yenyewe ikapangisha vyumba, awe mwangalifu kupita wote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Rakusen dhidi ya Jepsen, iliamua kwamba amri ya kurudisha pango humpata tu mwenye nyumba wa moja kwa moja wa mpangaji. Sheria mpya imebadilisha hilo na kumwingiza na mwenye nyumba wa juu, yaani yule aliyeikabidhi kampuni nyumba. Kwa hiyo mkataba wako na kampuni hiyo useme nani anaomba leseni, idadi ya juu ya wakazi na haki yako ya kuingia kukagua, na leseni uione kwa macho yako kwenye rejista.

Ukigundua leo kwamba umechelewa, wasilisha ombi kamili kwanza, kabla ya kuandika maelezo marefu. Kisha kusanya ushahidi wa lini na vipi uligundua, na upate ushauri wa mwanasheria wa nyumba kabla ya kujibu maswali ya halmashauri kwa maandishi. Usimfukuze mpangaji ili kuficha kosa. Kumtoa bila amri ya mahakama ni kosa lingine kubwa zaidi.

Kuuza, kufiwa, kuhuisha

Mwenye leseni akifariki, leseni inakoma, lakini nyumba huhesabiwa kuwa na msamaha wa muda kwa miezi 3. Wasimamizi wa mirathi watumie muda huo kuomba leseni mpya au notisi nyingine ya msamaha, na wajulishe benki na bima sambamba.

Leseni haijihuishi. Ombi jipya liwasilishwe kabla ya ya zamani kuisha, kwa ada mpya, na chini ya masharti ambayo huenda yamebadilika. Mpango wa eneo teule wenyewe ukiisha, usiache kukagua: Nottingham, kwa mfano, ilianzisha mpango wa pili Desemba 2023 baada ya ule wa 2018 kuisha, na kila aliyekuwa na leseni ya kwanza ambaye nyumba yake iliingia kwenye eneo jipya alilazimika kuomba upya.